Sufuria la Kuazimwa

Mimi kazi yangu masufuria.
Makubwa, ya shughuli, ya pilau la watu mia tatu,
nayakodisha kutoka Jambiani mpaka Bwejuu,
na kila moja, chini ya sikio la kushoto,
nimelitia doa jekundu, rangi ya mlango.

Kijana wa Kipolandi alipanga kwa jirani yangu Bi Mize.
Ksawery. Ulimi wangu ulijikwaa pale mwanzo,
nikamwita Saveri, akaitika.
Maji yakitoka watoto huchomeka vijiti, hilo ndilo goli,
yeye akikaa pembeni, goti kalinyoosha,
mshono mrefu kama zipu ya begi.
Hakuingia hata siku moja.
Mpira ukitoka aliurudisha, taratibu, kwa mguu wa ndani,
nao ukatua kifuani mwa aliyeuomba.

Jioni moja akanikuta uani, nimechutama na brashi.
"Doa la nini?"
Simai akatafsiri. Mwanangu huyu Kipolandi kakiokota ufukweni,
muuza safari za pomboo hachagui lugha.
Nikasema: sufuria bila alama halijui kwao.

Mgeni akacheka, akakalia moja lililofudikizwa,
akaanza kuhesabu.
Miaka minane: kiwanja nyuma ya kiwanda cha matofali,
baba ndiye dereva, baba ndiye chupa ya chai.
Kumi na tano: bweni la timu, kitanda cha juu.
Kumi na saba: kaingizwa dakika ya themanini na nane,
ya tisini kafunga kwa kichwa,
na asubuhi muuza mikate kakataa pesa yake.
Kisha, mkopo.

Mkopo wa benki?
"Siyo, mama. Anaazimwa. Timu humuazima kwa timu."
Wallahi niliweka brashi chini.
Mtu mzima, na miguu yake?

Mji wa makaa ya mawe: mechi kumi na moja, goli moja.
Mji wa mpakani: mechi sita, patupu.
Mji wa tatu, wenye ziwa linaloganda hata gari likapita juu:
mechi mbili, na goti.
Akirudi kwao humpokea kama nipokeavyo mimi chombo,
humgeuza, humgonga,
husikiliza kama kuna ufa.
Ana ishirini na mbili. Mkataba unakwisha Juni.
Simu kailaza juu ya goti bovu,
haikulia mpaka Bi Mize alipomwita kula.

Sikuwa na la kumwambia, mimi si mama yake.
Nikamsimulia siku ya pili
sufuria lililokwenda harusini Paje lisirudi.
Miaka minne. Nililifuta daftarini,
nikawaapiza walionalo, Mungu anisamehe.
Halafu nakwenda mazikoni Dongwe,
nakuta wali unapikwa, ukoko unanukia,
sikio moja limekatika wamefunga waya,
na chini ya lile jingine, nilipoinama,
doa.

"Ukalichukua?" Hilo aliuliza Simai,
kwa hamu yake mwenyewe.
Watu walikuwa hawajala.
Nikaomba sahani.

Saveri akasema neno moja.
Simai hakulitafsiri, nami sikumlazimisha.

Kaondoka Jumanne, kamwachia Bi Mize kandambili na kopo la sukari.

Vuli imeingia, Simai ananiletea simu.
Timu ndogo, daraja la tatu, uwanja hauna jukwaa,
pumzi zao zinafuka kama chungu kilichofunuliwa.
Safari hii hakuazimwa, ni wao.
Mechi nne, goli mbili.
Nikaivuta picha kwa vidole viwili:
kisigino cha kiatu cha kushoto,
kijidoa chekundu.

"Nembo ya kiatu hiyo, mama."

Huenda.
Brashi ilikuwa imekauka, nikaichovya mafuta ya taa.
Nina matatu ya maulidi hayajarudi.