Mtani Kaburini

Jeneza la Bibi Winfrida limefika ukingoni
na shimo lina mtu.
Fulgensi Gama, fundi baiskeli wa hapa Chigugu, Mngoni,
kalala chali huko chini, kajifunika kanga ya marehemu,
miwani yake iliyofungwa uzi puani,
anakoroma.

"Toka, mtani!"
"Sitoki. Nyumba nimeiwahi.
Huyu alininyima chumvi mwaka wa njaa,
leo namnyima udongo.
Lipeni!"

Watu wanacheka na machozi hayajakauka.
Tangu juzi anatuhangaisha huyu:
kautia pilipili uji wa msiba,
kaiga mwendo wa Bibi, mkono kiunoni,
akipima korosho huku kidole kimelalia mzani.
Padri kageukia kando, mabega yanamtikisika.

Ndivyo tulivyorithishwa:
tulipigana, tukachoka, tukataniana.
Anayeuliza zaidi huambiwa
utani hauna kesi.

Lakini mimi nimelelewa na Bibi,
na kwa Bibi sheria moja ilizipita zote:
ukiteka maji, usiipe njia mgongo.
Tuliinama kisimani kama kaa, ubavu ubavu,
jicho moja kwenye ndoo, jicho moja vichakani,
watoto wa enzi ya redio,
tukiogopa hatujui nini.

Siku moja tu alinieleza,
anabangua korosho, vidole vyeusi,
bila kuniangalia:
bibi yake alikuwa na dada, Nawila.
Waliinama pamoja mtoni Lukuledi.
Mmoja alisikia majani.
Mmoja alikuwa anaimba.

Noti zinadondoshwa shimoni, mia tano, elfu.
Mjomba Osmundi anashusha kuku.
Nami najikuta ukingoni, viatu vimejaa udongo mwekundu:

"Leo lipa wewe."

Kicheko kikatafuta pa kutua, kikakosa.
"Lipa nini, mjukuu?"
"Nawila. Tulipe Nawila."
Nikataja mto. Nikataja ngao.
Shangazi akanivuta kanga, niache, si leo.

Fulgensi akaketi.
Akavua miwani, akaifuta,
akaifuta tena, kama anayesafisha mnyororo wenye kutu,
nami nikaogopa: kitu hiki kikivunjika hapa,
sisi na wao tutabaki na nini?

Aliposema, sauti haikuwa ya mchezo.
"Kwetu Maposeni, mama wa babu yangu
hakuwa na ukoo wa kutaja.
Jina walilompa silo alilokuja nalo.
Baba alisimulia alivyokuwa akiteka maji
ubavu ubavu.
Walimcheka. Walimwita Kaa."

Hata kuku alinyamaza.

"Ndiye?" Shangazi akauliza, kanga yangu bado mkononi mwake.

"Sijui, dada. Nisikudanganye.
Walikuwa wengi."

Walikuwa wengi.
Misiba yote ile, pilipili yote ile,
na hakuna mtani aliyewahi kutuletea neno hilo.

Akaokota noti zetu moja moja, akazirudisha.
Akarudisha kuku.
Akapekua mfuko wake: shilingi elfu tatu
na spana namba kumi na tano,
akaviweka vyote ukingoni, miguuni pangu.
"Deni haliishi kwa hivi."
"Haliishi," nikamjibu.
Nikampa mkono apande. Alikuwa mzito.
Udongo ukamomonyoka kidogo chini yetu.

Alipokwisha kusimama juu, akajikung'uta,
akalitazama jeneza:
"Ila chumvi alininyima kweli."

Tukazika.

Jumatatu nilikwenda bombani.
Niliinama, njia ikiwa nyuma yangu.
Mgongo ukasisimka, kama kawaida yake.
Nikageuka kidogo, si sana.
Kengele ya baiskeli ikalia, ikapita.
Ndoo ikajaa.