Kreti ya Pichi

Januari, mpaka wa Chile, mita elfu tatu na ushei,
hewa nyembamba kama karatasi ya nakala,
na foleni ya Waajentina wanaoshukia baharini
imeshapinda kona kabla sijavaa glovu.

Nauliza yale yale. Pasi, au kitambulisho.
Mtoto: barua ya mzazi asiyekuwepo, yenye muhuri wa wakili.
Mtalala wapi? Mtarudi lini?
Kisha fomu, ile ambayo watu huijaza bila kuisoma:
matunda, mbegu, asali, jibini, udongo wenye mizizi.
Ndiyo au hapana. Tia sahihi.

Bibi Delfina Ortubey alijibu hapana.
Mbwa wetu, Pelusa, alijibu ndiyo:
aliketi kitako nyuma ya buti la gari, kimya,
kama shahidi aliyekwisha kula kiapo.

Pichi. Kreti nzima, zimelazwa juu ya taulo la kuogelea,
kila moja na shavu lake jekundu.
"Haya si matunda," alisema. "Ni vitu vya nyumbani."

Nikamwonyesha pipa. Nikamwonyesha kiwango cha faini.
Sikumwambia habari za inzi, mdogo kuliko punje ya mchele,
aliyeingia bondeni kwetu mwaka ule, sijui mfukoni mwa nani,
wala za baba na msumeno,
miti mia mbili na kumi, siku nne,
mama akizima redio ili tusikie imebaki mingapi.
Dirisha langu ni dogo kwa hayo yote.

"Sheria inakataza zipite," akasema. "Inakataza zisiliwe?"
Nikatafuta kifungu.
Hakuna.

Basi boneti ikawa meza.
Mjerumani wa baiskeli alikula tatu bila kupumua.
Dereva wa lori, Mbrazili, akaenda kuwaamsha wenzake.
Foleni nzima ikainama mbele, miguu imepanuliwa,
maji ya pichi yakichuruzika hadi viwikoni,
na mimi nyuma yao na mfuko wa plastiki
nikidai makokwa kama mtoza kodi.

Pichi zilikuwa arobaini na nane, nilizihesabu.
Makokwa, arobaini na saba.

Pelusa akaenda akaketi mbele ya mjukuu,
Ciro, miaka sita, shavu moja limevimba.
Hakuna aliyecheka.
Nikapiga goti, nikavua glovu, nikakinga kiganja.
Akanitemea kokwa, lina joto,
limelainishwa na ulimi kama peremende.
"Nilitaka mti uote kule ufukweni," alisema,
"tusiwe tunabeba."

Nikawagongea muhuri. Siku tisini.
Bibi hakuniaga. Aliniachia taulo, labda kwa kusahau.

Saa kumi na mbili jioni tukawasha tanuri, kama ilivyo kanuni,
nikatia mfuko mwenyewe.
Moshi ulisita kidogo juu ya paa la forodha,
ukanukia jamu,
halafu ukashika njia ya magharibi, kuelekea baharini,
bila fomu.