Aliyepanda Jukwaani Si Yeye

Waliita, "Dakta Haikaeli Temu!"
nikasimama mimi,
mwanamume wa miaka hamsini na nane
ndani ya koti la harusi ya mdogo wangu.
Ukumbi ukacheka, ule wa Arusha, wenye zulia
linalomeza kishindo cha kiatu.
Mshereheshaji akageuza karatasi
kana kwamba maelezo yangu yako nyuma.

Nikasema: mwenyewe yuko Moshi, ana mtu mezani.
Mimi ni Mlay, wa eksirei.
Nimetumwa.

Tuzo ya watafiti chipukizi wa tiba radiolojia.
Chipukizi! Kwetu Uru chipukizi ni la mgomba,
hulipigii makofi.
Unalipalilia, unalitilia samadi, unalikinga na mbuzi.

Wakanipa kipaza sauti. Dakika mbili, wakasema.
Hotuba sikuwa nayo; tangu Boma Ng'ombe
nilikuwa nahangaika na tai.

Basi nikawaambia habari ya risasi.
Kwamba miaka ishirini na sita navaa aproni ya risasi,
na mama watoto, aliposikia mara ya kwanza,
alidhani nimeajiriwa jeshini.
Kwamba madaktari wengi wamepita chumbani mwangu
macho kwenye skrini,
na ni huyu tu aliyegeuka akaniuliza:
"Mlay, wakishatoka hapa, huwa wanakwenda wapi?"

Sikujua.
Mimi huona figo, sioni mlango wa nyumba.
Figo iliyovimba kwa mkojo uliokosa njia,
sindano mgongoni, waya ukitambaa nyuma yake
kama mjusi anayeujua ufa,
kisha mpira, kisha mfuko. Anashuka mezani.
Mwingine.

Yeye akanunua daftari kwa Mangi, la kurasa mia mbili,
akawaandika kwa namba, wanawake sitini na mmoja,
saratani imewabana mirija kule chini.
Kila Alhamisi jioni, kwa vocha yake mwenyewe:
"Shikamoo mama. Mkojo una rangi gani leo?"
Wa Rombo akajibu: kama chai ya rangi.
Wa Same akajibu: kama maji ya kunawia,
na Haikaeli akaacha chakula, akaenda kutafuta gari.
Wa Kibosho hakutaka kusema mbele ya mkwe.
Namba arobaini na moja, simu inaita tu.
Inaita tu.

Nikawaambia, zile asilimia mlizoonyeshwa ukutani
zina harufu, zina mkwe, zina nauli.
Nyinyi mmemtambua leo, na tunashukuru.
Mimi nilimtambua siku ya lile swali.

Kengele ikalia.
Profesa mmoja wa mstari wa mbele
akaandika kitu kiganjani.

Moshi niliingia giza likiingia.
Mvua, umeme umekatika hadi Njoro,
jenereta la hospitali likikohoa nyuma ya jiko.
Nikamkuta sakafuni, mgongo ukutani,
aproni bado mwilini, anakula ndizi mbivu.

Nikampa kibao cha kioo. Jina wamelikosea:
Haikael, bila ile i ya mwisho.
Akakipima uzito mkononi,
akakilaza juu ya karatasi zake, feni isizipeperushe.
"Kinafaa," akasema.
Hakuuliza walikuwepo akina nani,
wala chakula kilikuwaje, na kilikuwa kingi.

Aliuliza, ndizi ingali shavuni:
"Arobaini na moja hajapiga?"

Simu ya daftari nilikuwa nayo mimi tangu asubuhi,
kwenye mfuko wa koti, karibu na moyo,
na hata pale jukwaani, katikati ya makofi,
nilikuwa nimeibana kwa mkono
nisije nikaukosa mtetemo wake.

Nikavua koti. Nikaketi sakafuni kando yake.
Nisomee namba, nikamwambia,
nijaribu kwa laini yangu.