Hesabu ya Siku Tatu

Sahani za wali zimeondoka. Kheri anakunjua ramani ya London
juu ya punje alizomwaga Mwaka.
Mto unapita katikati, umejipinda kama utumbo,
na punje moja imenata pale penye daraja.

Tuna siku tatu. Tuna pauni mia nne na ishirini,
nilizodunduliza zamu kwa zamu
kwenye nyumba ya wazee, hapa hapa Hull, usiku,
nikigeuza migongo ya watu wanaoniita
kwa majina ya binti zao.
Haba na haba, sawa, lakini kibaba hiki kina tundu:
kila tukibishana, tiketi ya treni inapanda.
"Basi, twende kwa basi," nasema.
"Saa sita nzima!" analia Zuhura,
mwenye miaka kumi na miwili
na uchovu wa mtu wa arobaini.

Idrisa anataka mifupa ya dinosaria.
Ameipigia mstari mara tatu mpaka karatasi ikatoboka.
Anauliza kama mnyama yule angeenea sebuleni kwetu.
Kichwa tu, namjibu. Mkia tungemwomba jirani.

Zuhura anataka kuachwa.
Si nyumbani. Kuachwa huko huko, dukani, saa moja,
peke yake, bila mtu wa kumshika mkono barabarani.
Saa moja hiyo tunaijadili kwa saa mbili.

Mwaka anataka basi jekundu, ghorofani, kiti cha mbele kabisa,
ili aliendeshe yeye.

Kheri anataka kulala. Hajasema,
ila nimemwona anavyozikodolea picha za vitanda vya hoteli
kama mtu anayetazama biriani mchana wa Ramadhani.
Chumba ni cha watu wanne. Sisi watano.
"Mwaka tutamwingiza kama mzigo," anasema,
na Mwaka haambiwi mara mbili:
begi liko sakafuni, tayari yumo.
Anaenea. Zipu inafika shingoni.

"Mama," anauliza Idrisa, "wewe ulishafika London?"
Nilifika.
"Uliona nini?"

Niliona mlango wa ofisi kabla hakujapambazuka,
na foleni iliyolizunguka jengo, na mvua isiyojua kuaga.
Niliona mgongo wa koti la kijani la mtu wa mbele yangu,
nikakaa nao hata nikaujua mshono wake,
uzi uliolegea bega la kushoto.
Nilikuwa na bahasha kifuani na Zuhura tumboni.
Dirishani waliniuliza mama yangu alizaliwa tarehe ngapi,
nikasema mwaka wa mafuriko,
yule dada akanitazama, akaandika kitu kirefu.
Jioni nikapanda basi la kurudi.
Mji mzima ulikuwa kisogoni pangu
na sikugeuka.

"Niliona watu wengi," namwambia.

"Basi hukuona," anasema, kwa huruma kabisa,
na kunisogezea kalamu. "Andika na wewe yako."

Karatasi imebaki na nafasi ya kidole kimoja,
kati ya mifupa na basi jekundu.
Nakaa na kalamu kama mgeni aliyekaribishwa chakula
na hajui mkono autie sahani ipi.
Kisha naandika: *benchi.*

"Benchi gani?" Zuhura ameinua macho kwenye simu.

Lolote. Liwe karibu na mto.
Nikae nusu saa, mikono mitupu,
nisisikie namba yangu ikiitwa.

Hakuna anayecheka.
"Bei?" anauliza Kheri, ambaye hesabu ni ibada yake.
Bure.
Anaandika sifuri. Anaitazama,
halafu anaifuta, anaandika pauni tatu:
"Chai. Utakaaje mtoni bila chai?"

Tunarudi kwenye tiketi. Imepanda tena, pauni mbili.
Zuhura anasema basi si baya sana, mtu anaweza kusoma.
Naguna, nabonyeza, nalipa.

Chini ya meza, ndani ya begi,
Mwaka amekwisha lala.