Mchagua Nazi

Shangazi yangu Sichana anauza nazi
sokoni Chake, upande wa wauza muhogo,
na kila akiniona na daftari langu
hunirushia methali moja, ileile:
mchagua nazi hupata koroma.

Nachagua vyuo, shangazi, si nazi.
Vitano nimevichorea jedwali:
ada, bei ya chumba, alama wanazotaka,
na safu ya mwisho, inayonikosesha usingizi:
masomo mangapi watayahesabu
katika yale niliyokwisha kuyapasi.

Mwaka wa pili wa biashara naumaliza.
Uhasibu nina A, Takwimu nina B,
Sheria za Biashara C, maana siku ya mtihani
nilikuwa na homa; na homa haina safu.
Kimoja kipo Dar, kimoja Morogoro,
kimoja Nairobi, kimoja Malesia,
na cha tano nakitaja kwa sauti ndogo
kama mtu anayemtaja mchumba wa mwenziwe.
Katika kila waombaji mia, nasikia, huingia saba.

"Hebu nambie, weye wakichagua
au chenyewe chakuchagua?"
akauliza, mkono umo ndani ya gunia.
Nikasema: vyote viwili. Nikasema: sijui.

Nikakaa juu ya kreti la soda, nikamtazama kazini.
Kaja mteja, ataka nazi mbili za samaki wa kupaka.
Shangazi akatwaa moja, akaigota kwa kifundo cha kidole,
akaitega sikioni, akaitikisa, akairudisha.
Ya pili akairudisha.
Ya tatu akaitia mkobani.
Mchagua nazi! nikamwambia.
Akacheka hata mtandio ukamvuka kichwani.
"Mie nachagua bure. Hao wenzio je?"

Hao si bure. Ada ya maombi hairudishwi:
wanaonigota ni wao,
na gharama ya kugotwa naitoa mie.

Hapo ndipo nilipoijua nafasi yangu katika methali.
Mie si mchaguaji. Mie ndiye koroma.
Kidaka nimekipita, kitale nimekipita,
dafu walilinywa walimu wa sekondari,
na nazi sijawa: ukinikuna leo
tui langu halitoshi sahani ya mchicha.

"Na koroma likishaangushwa,"
shangazi akasema, sasa hacheki,
"haliivi tena.
Huwezi kungoja mwaka mmoja mtini?"

Mti wenyewe, shangazi! Somo la Fedha
halina mtu tangu Mwalimu Tahir ahamie bara;
twasomeshana sisi kwa sisi
kwa vivuli vya vitabu, kurasa zimeruka.
Na iliyongoja kupita kiasi
nimeiona hapa hapa mezani pako:
mbata, imeachana na kifuu chake,
yagongagonga gizani,
kelele tele, maji hakuna.

Hakujibu. Akauza fungu la ndimu.
Alasiri ikaadhiniwa, akafunika gunia.
Kisha: "Barua yao yataka nini?"
Sababu za kuhama, kwa maneno mia tano.
"Mia tano! Mie nilipodai talaka yangu
sikufika kumi."

Usiku ule, Tibirinzi, nikakata viwili.
Malesia kwa nauli.
Na kile cha sauti ndogo, kwa kuwa
kila nilipoanza kueleza kwa nini nakitaka
kalamu iliandika jina lake, ikasimama.

Asubuhi akanipa kopo la maziwa ya unga,
noti zimekunjwa kama sambusa:
elfu sitini, maombi matatu.
"Andika deni. Sadaka naitoa msikitini."

Nikaandika, kama tulivyofunzwa.
Kushoto: fedha taslimu, elfu sitini.
Kulia: mdai, Sichana binti Hamad, elfu sitini.
Nikapiga mstari, nikajumlisha.
Vitabu vikalingana.
Mie bado.