Swali la Kumi na Nne

Igombe, jua la saa nne.
Lushinge anadondosha maji juu ya sampuli.
Tone limekaa, halizami.
Anaandika: granaiti, haina vitundu.
Kisha mbele ya "haina" anachomeka "karibu",
maana mkubwa wake Dodoma
keshaagiza mabomba.

Nyanzobe anaponda kokoto pembeni.
"Mnataka kuzika nini humu?"
"Moshi, mama. Hewa ukaa."
Nyundo inaganda juu.
"Jiwe hili? Mwaka wa kumi na tisa nalitwanga,
halijanywa hata jasho langu."

Fomu inauliza:
Nani atalinda kisima baada ya miaka mia?
Nafasi ya jibu, mstari mmoja.

Ko. Ko. Nyundo imerudi kazini.
Lushinge anatafuta ufutio,
anafuta "karibu".