Kuweka Wakfu

Fomu ina vipengele kumi na saba.
Cha nne kinauliza: Mmiliki ni nani?
Nimekaa nacho tangu adhuhuri,
Nkuhungu, chumba cha nyuma ya duka la pampu,
feni ikizungusha vumbi lile lile la jana.

Ndahani hapokei simu.
Aliandika nusu ya msimbo huu, nusu iliyo safi,
na alitaka tuuze.
«Watatu wametaja bei,» alisema, «nawe unataka kugawa bure
kitu kilichotulaza na mihogo mikavu?»
Sikuwa na jibu. Nilikuwa na korongo tu.

Kwetu Mvumi mto hauna maji.
Miezi minane ni njia ya mchanga: mbuzi hupita,
watoto huchora magoli.
Mvua ikipiga huko juu, usikoona,
unasikia mngurumo, kisha unaona majani, kisha povu,
kisha mto mzima umesimama mbele yako
kama mtu aliyeitwa jina lake.
Kesho yake, mchanga tena.
Hakuna aliyeulisha ulipolala.

Ndivyo tulivyoiandika.
Mizani ya ushirika wa zabibu Hombolo inapima kreti,
wito unatoka, kipande cha msimbo kinaamka,
kinahesabu kilo, kinaondoa makato,
kinampelekea Mama Chisena ujumbe wa shilingi zake,
kinalala.
Watu husema haina seva. Uongo wa heshima.
Seva ipo, kama maji yalivyo chini ya mchanga,
ila si wewe unayekesha nayo.

Tukaiita Korongo.
Kamati ya wakfu, huko waliko, wakafungua kamusi
wakatuletea nembo: ndege,
miguu mirefu, shingo ya madaha.
Nilicheka hadi jirani akagonga ukuta.
Nikawajibu: mzuri, abaki.
Mto wenye miguu nao utafika mbali.

Kisha maswali yao, ya polepole, ya haki.
Nani ana funguo?
Ukifa wewe, nani atapokea marekebisho?
Kuna mstari wowote uliotoka kwa mwajiri?
Upo mmoja. Niliufuta, nikauandika upya siku tatu,
na huu mpya unachechemea.

Mama alichimba kisima mchangani kila kiangazi,
kwa kipande cha kibuyu, magoti yamezama,
mpaka mchanga ukatoa jasho.
Akazungushia miiba.
Nikadhani anawanyima wenzake.
«Miiba ni ya ng'ombe,» alisema. «Mwenye ndoo ana mikono, atafungua.»
Alipoteka alirudisha miiba, akaondoka.
Masika mto ulikifuta. Hakusikitika.
Alijua mahali.

Nimeisoma leseni mara mbili, naona miiba ile:
teka, rudisha, usiseme umechimba wewe.

Na neno lenyewe, wakfu.
Mzee Shomvi wa duka la mbele ananiambia
shamba la wakfu haliuzwi, halirithiwi,
hata aliyelitoa akipita hapo na njaa
huomba kama wengine.
Kanisani kwetu kikombe kiliwekwa wakfu;
kilikuwa cha bibi yangu, cha bati,
na tangu siku ile hakuna aliyekinywea chai.
Hilo ndilo linalonishika mkono.
Nitaweza kuomba ruhusa
ya kurekebisha kitu nilichokizaa?

Saa tano usiku. Umeme umekatika, simu inamulika.
Ujumbe wa Ndahani, bila salamu,
bila «nimekubali», bila «nimekataa».
Marekebisho tu.
Mstari wangu unaochechemea ameukata,
akauandika kwa maneno manne,
na sasa unatembea.

Ameutuma kama mgeni yeyote angeutuma:
jina lake, tarehe, sababu.
Unangoja mtu aupitishe.

Nimeupitisha.
Kipengele cha nne nimeandika majina yetu mawili,
nikayakata kwa mstari mmoja, yasomeke bado,
nikaenda cha tano.
Anwani.